Kushinda ni Vizuri, Lakini kwa Bei Gani?



Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike somo la mwezi huu. Najua wengi walifikiri kwamba kapita ataandika juu ya usafi wa vyumba ao juu ya wale wanaochelewa kwenye mstari wa asubuhi. Safari hii hapana. Nataka tujifunze pamoja juu ya mchezo, na juu ya bei ambayo mtu analipa akitaka kuwa mkamilifu ndani ya mchezo. Ninaanza na jambo ambalo mimi mwenyewe niko na kosa ndani yake, ili mtu asiseme kwamba kapita anafundisha wengine tu.

1. Jambo lililotokea kwetu

Munakumbuka mechi yetu ya mwisho ya muhula uliopita, ile tuliyoshinda 2 kwa 1. Siku ile tuliimba mpaka sauti zikakauka. Bao la pili lilipigwa na mwenzetu mmoja ambaye yuko kalasi mbili nyuma yangu. Sitataja jina lake, na yeye amekubali niandike habari hii.

Ndugu huyu alikuwa na maumivu chini ya goti kwa wiki tatu mbele ya mechi. Hakumwambia mwalimu wa michezo. Aliniambia mimi, kwa sababu niko kapita na tena niko kiongozi wa timu. Alikuja jioni, nyuma ya jiko, akanionyesha mfupa uliovimba. Nilimjibu hivi: "Funga bandeji. Ni dakika 90 tu. Utapumuzika kisha." Akafunga, akacheza, akapiga bao.

Siku ya pili yake hakuweza kuteremka kitandani. Munganga alisema inapashwa apumuzike miezi mingi, na kwamba kama angepumuzika siku ile aliyokuja kwangu, ingekuwa wiki chache tu. Mama yake anauza mboga sokoni. Munajua ginsi milima ya Butembo ilivyo. Tangu hapo mama analipa pikipiki asubuhi na jioni ili mtoto afike masomoni. Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa chai. Hakuniuliza kitu. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Ndipo nilianza kutafuta kujua: wale wakubwa wa michezo, tunaowasikia katika redio, wao walilipa nini?

2. Ukamilifu ni nini?

Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, msichana wa Romania jina lake Nadia Comaneci, mwenye miaka 14, alifanya mazoezi ya viungo bila kosa hata moja. Waamuzi wakampa pointi 10, yaani timilifu. Lakini ubao wa pointi haukuwa umetengenezwa kwa kuandika 10. Ukaandika 1.00, na watu wakashangaa kwanza mbele ya kufahamu. Alipata 10 mara saba katika Michezo ile.

Tutazame vizuri. Hata mashine haikuwa na nafasi ya ukamilifu. Tena, katika michezo mingi hiyo 10 haiko. Katika mbio hakuna mwisho. Ukivunja rekodi leo, kesho inakuwa deni: wewe mwenyewe unapashwa kuivunja tena, ao mwengine ataivunja. Wazee wanasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, na mimi napenda sana methali hii. Lakini kuna kuinama, na kuna kuvunjika mgongo. Namna gani mtu atajua tofauti? Tuone mifano mitatu ya Waafrika.

3. John Akii-Bua, jirani yetu wa Uganda

Ukitoka Beni ukafuata njia ya Kasindi, ukavuka mpaka, uko Uganda. Huko alizaliwa John Akii-Bua, mwaka 1949, katika jamaa kubwa sana ya Lango, upande wa kaskazini. Akawa polisi. Mchezo wake ulikuwa mbio za mita 400 zenye vizuizi 10 vya kuruka. Mwalimu wake alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold.

Mazoezi yake yalikuwa ya kutisha. Alikimbia na kuruka vizuizi huku amevaa koti lililotiwa vyuma vizito, ili siku ya mashindano mwili ujisikie mwepesi. Tarehe 2 Septemba 1972, Munich, katika Ujerumani, walimpa njia ya 1, ile ya ndani kabisa, yenye kona kali kupita zote. Mbele yake alikuwa David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia. Akii-Bua alishinda kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na alikuwa Mganda wa kwanza kupata zahabu ya Olimpiki.

Sasa sikieni. Alifanya mazoezi miaka mingine 4 ili ashinde tena Montreal 1976. Lakini nchi nyingi za Afrika zilikataa kushiriki, juu ya New Zealand kupeleka timu yake ya ragbi Afrika ya Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi. Uganda pia haikushiriki. Akii-Bua hakukimbia. Edwin Moses wa Marekani alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjika bila yeye kuwa uwanjani. Mwaka 1979, vita ilipoangusha serikali ya Idi Amin, alikimbia tena, lakini safari hii kama mkimbizi, kwenda Kenya, na kisha Ujerumani, ambapo kiwanda cha viatu cha Puma kilimpa kazi. Mwaka 1980 alikwenda Olimpiki ya Moscow, lakini hakufika mbio za mwisho. Alirudi Uganda mwaka 1983. Alikufa mwaka 1997, akiwa na miaka 47 tu, na serikali ikamzika kwa heshima kubwa.

Fundisho la kwanza: bidii yake haikuwa kosa. Alikuwa na mwalimu, alikuwa na mpango. Lakini bidii haina mkataba na dunia. Unaweza kufanya yote vizuri, na siku yako isifike. Mtu aliyeweka maisha yote ndani ya siku moja, ikipita hiyo siku atabaki na nini? Sisi wa Beni na Butembo tunafahamu jambo hili kupita wengi. Mara ngapi mechi ilipangwa, vijana wakajitayarisha, kisha njia ikakosa usalama na gari halikuondoka?

4. Ndaye Mulamba na Leopards wa mwaka 1974

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Babu zetu wangali wanauzungumza wakikaa mbele ya mlango jioni.

Mwezi wa tatu 1974, nchi yetu ikiitwa Zaïre, Leopards walitwaa Kombe la Afrika huko Misri. Ndaye Mulamba, mchezaji wa Vita Club ya Kinshasa, alipiga mabao 9 katika mashindano yale. Tangu siku ile mpaka leo hakuna mtu aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikwisha 2 kwa 2, ukarudiliwa, Zaïre ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote 4 ya michezo ile miwili yalikuwa ya Ndaye.

Mwezi wa sita walikwenda Ujerumani kwa Kombe la Dunia. Walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Serikali ya Mobutu ilitaka waonyeshe ulimwengu ukubwa wa nchi. Waliahidiwa mambo mengi. Walipoteza 2 kwa 0 mbele ya Scotland, na hapo wachezaji wakasikia kwamba feza zao hazitafika. Kisha Yugoslavia ikawapiga 9 kwa 0. Katika mchezo ule mwenzao mmoja, Mwepu Ilunga, alimpiga arbitri teke. Arbitri akakosea, akamfukuza Ndaye uwanjani.

Ulibaki mchezo na Brazil. Mwepu alieleza baadaye, akiwa mtu mzima, kwamba walinzi wa Mobutu waliwaambia wakifungwa zaidi ya mabao 3 wasirudi nyumbani. Walifungwa 3. Karibu na mwisho, Brazil ikapewa mpira wa adhabu. Mwepu akatoka katika ukuta wa wachezaji, akakimbia, akaupiga mpira mbali mbele ya Wabrazil kuupiga. Dunia nzima ilicheka, ikasema Waafrika hawajui sheria ya mpira. Miaka mingi walirudia picha ile na kucheka. Mwepu, aliyekufa mwaka 2015, alisema alijua sheria vizuri kabisa. Ndugu zangu, mtu akicheza mpira akiwaza kama ataona tena mama yake, tunaweza kumcheka?

Na Ndaye? Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima na wakubwa wa mpira wa Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walifikiri ameleta feza nyingi, wakamshambulia na kumpiga risasi mguuni, mguu ule uliopiga mabao. Kisha akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi huko maisha ya umasikini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kimya kumwombolezea, kwa kuwa habari ya uongo ilisema amekufa. Kumbe alikuwa hai. Alikufa kweli Johannesburg, mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70.

Fundisho la pili: tuulize kila mara, ukamilifu huu ni kwa faida ya nani? Mara nyingi anayeumia ni mmoja, na anayeshangilia ni mwengine. Nilipofika hapa katika kujifunza kwangu, niliacha kalamu. Kwa maana nilijiona mimi. Mimi nilitaka kombe lile, nataka jina langu libaki hapa shuleni nikimaliza. Goti lilikuwa la mwengine. Katika habari ya Leopards, mimi sikuwa upande wa Ndaye. Nilikuwa upande wa wale wanaoamuru.

5. Samuel Wanjiru, aliyepata yote mapema

Mtu anaweza kusema: hawa wote walikosa bahati, lakini anayeshinda mpaka mwisho atakuwa na amani. Basi tumtazame Samuel Wanjiru wa Nyahururu, Kenya. Alizaliwa mwaka 1986 katika jamaa masikini. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Japani, kusoma katika mji wa Sendai na kukimbia kwa ajili ya shule. Fikiri mtoto wa miaka yenu, mbali na mama, lugha mpya, chakula kipya, na kila asubuhi mbio.

Tarehe 24 Agosti 2008, katika Olimpiki ya Beijing, katika joto kali, alishinda maratoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata zahabu ya maratoni ya Olimpiki, na alipunguza rekodi ya Olimpiki kwa karibu dakika 3. Rekodi ile ilidumu mpaka 2024. Alikuwa na miaka 21. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, mwaka 2010 akashinda Chicago tena. Feza zilikuja nyingi, na marafiki wa feza wakaja pamoja nazo. Pombe ikaingia, na fitina nyumbani, mpaka mambo yake yakafika polisi. Tarehe 15 Mei 2011 alikufa Nyahururu kwa kuanguka kutoka baraza ya juu ya nyumba yake. Alikuwa na miaka 24 tu. Watu walibishana sana juu ya kifo chake. Si kazi yetu kuhukumu.

Fundisho la tatu: tangu utoto walimfundisha kukimbia haraka. Kusimama, nani alimfundisha? Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtu anayeshinda sana anahitaji, kupita wengine, rafiki mmoja anayeweza kumwambia "hapana" bila kuogopa kupoteza faida.

6. Mwili unasema nini

Tuongeze kidogo ya biolojia. Wengi wanafikiri mwili unapata nguvu wakati wa mazoezi. Sivyo. Wakati wa mazoezi nyama za mwili zinachoka na kupasuka kidogo kidogo. Zinapata nguvu mpya wakati wa kupumuzika, kula na kulala. Ukiondoa mapumuziko, unajenga nyumba kwa mkono mmoja na kuibomoa kwa mwengine. Mfupa nao, ukipigwa kila siku bila nafasi ya kujitengeneza, unapata ufa mdogo usioonekana kwa macho.

Kwa sisi vijana kuna jambo lingine. Mifupa yetu haijamaliza kukua. Chini ya goti, pale kano nene inaposhika mfupa, ni mahali palaini bado. Kijana anayeruka na kupiga mpira sana, pale panavimba na kuuma. Ndiyo hali ya mwenzetu. Kwa wasichana wanaokimbia sana na kula kidogo, damu ya mwezi inaweza kukoma, na mifupa ikawa dhaifu. Dada, hiyo si alama ya nguvu. Ni mwili unaoomba msaada, na si haya kumwambia mama ao munganga.

Tena, munganga wanasema kijana wa miaka yetu anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi. Hapa nawatazama nyinyi wa kalasi ya mwisho, wenzangu. Wengine munaweka miguu katika beseni ya maji baridi usiku ili musilale, juu ya mtihani wa Serikali. Ni ugonjwa uleule wa uwanjani, umevaa tu nguo za masomo.

7. Yule aliyesimama

Kuna anayeweza kusimama? Iko. Simone Biles wa Marekani, bingwa wa mazoezi ya viungo, mwaka 2021 huko Tokyo alisikia kwamba akiruka hewani hajui tena wapi ni juu na wapi ni chini. Katika mchezo ule, kuanguka vibaya kunaweza kuvunja shingo. Akajitoa katikati ya mashindano. Wengi walimtukana, wakamwita mwoga. Mwaka 2024, Paris, alirudi, akapata medali 3 za zahabu na 1 ya feza. Lakini hata kama asingerudi, angekuwa amefanya vizuri. Shingo yake ilikuwa yake.

8. Basi tufanye nini?

Sisemi tuache kushindana. Mtume Paulo mwenyewe, akiandikia Wakorinto, alitumia mfano wa wakimbiaji, na aliwasifu kwa kujizuia. Kujizuia, ndugu, ni pamoja na kujizuia kutaka zaidi. Wala Nyuki ya Butembo na Capaco ya Beni hazikujulikana kwa uvivu. Lakini baada ya kuzungumza na mwalimu wa michezo na Bwana Prefe, tumekubaliana mambo matatu:

Kwanza, mchezaji anayesema "ninaumia" hatachekwa na hatapoteza nafasi yake katika timu. Nafasi itamngojea.

Pili, si kiongozi wa timu anayeamua kama mgonjwa acheze. Ni mwalimu, na munganga akihitajika.

Tatu, kila wiki iko na siku moja bila mazoezi, hata kama mechi iko karibu.

Na jambo la nne ni langu mwenyewe. Wachezaji wote tumekubali kuchanga franga kidogo kila juma kwa ajili ya pikipiki ya mwenzetu mpaka atakapopona. Mama yake alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, akasema: "Sawa, lakini mumwache acheke tena na mpira. Anaukasirikia." Basi siku ya mazoezi tunamwita, anakaa kando ya uwanja na filimbi, anakuwa arbitri wetu. Juzi alinipa kadi nyekundu. Haikuwa haki hata kidogo, lakini nilitoka.

Maswali ya kuzungumza katika kalasi

1. Akii-Bua alifanya yote vizuri lakini akakosa Montreal. Je, bidii yake ya miaka 4 ilipotea bure? Elezeni.
2. Kwa sababu gani watu walimcheka Mwepu Ilunga? Nani alipashwa kuona haya siku ile?
3. Katika maisha yako, nani anaweza kukuambia "simama" nawe ukamsikia?
4. Umekwisha kumsukuma mwengine ili wewe upate sifa? Swali hili ujibu peke yako, usiku, mbele ya kulala. Na kisha ulale.

Ni mimi,
Kapita wenu, kalasi ya mwisho